Mama Bedan, Mdomo wa Shauri Moyo

Siku tulipomzika Wacera, mama yake Bedan, pale Lang'ata mwaka wa themanini na sita, watu walimsifu mpaka nikatamani kurudi nyumbani kwa miguu. Mmoja alisema marehemu alikuwa mama wa amani. Mwingine, tena mwanamke ambaye Wacera alimliza mferejini nikiona kwa macho yangu, alishika kitambaa akasema tumepoteza mtetezi wa wanyonge. Mtetezi! Nilikohoa kwa makusudi. Wafu hawasemwi vibaya, sawa, lakini kuwasemea uongo nako ni adabu gani? Mimi Mirriam, muuza makaa, nilikaa naye mlango kwa mlango pale Shauri Moyo miaka mingi, na sina deni naye la sifa. Nitasema alivyokuwa.

Mungu alimpa mdomo. Hilo hata mimi silipingi. Mwili alimnyima: alikuwa mfupi, mkavu, na ukimwona na gunia lake la maharagwe akielekea Gikomba ungemhurumia. Ungemhurumia mpaka aongee. Sauti yake haikuwa kubwa, ila ilikuwa inaingia. Kanisani akipewa nafasi ya kuomba, wanaume wazima waliokesha na chupa Jumamosi walianza kutafuta leso. Askari wakija kunyang'anya akina mama bidhaa zao za kando ya barabara, Wacera alimwendea mmoja, akaanza kuongea naye polepole, akamuuliza mama yake anaitwa nani na yuko wapi siku hizi, na baada ya muda askari huyo huyo alikuwa anamsaidia kujitwika. Mtu na mkewe wakipigana, alisimama mlangoni akasema neno moja na wote wawili wakacheka. Ndiyo maana namkasirikia mpaka leo. Asiyepewa kitu huwezi kumdai kitu, lakini huyu alipewa.

Sasa aliufanyia nini mdomo huo? Aliukodisha.

Laini yetu yote ya nyumba tulichota maji kwenye mfereji mmoja. Asubuhi, foleni ikiwa ndefu, Wacera alikuja na sufuria nyeusi, akachutama, akatupa mgongo, akaanza kuisugua kwa majivu huku anaongea nayo. "Wewe sufuria, nakusugua hivi na bado unanuka! Ama unapikiwa na nani wakati mwenyewe amesafiri?" Hakutaja jina hata siku moja. Lakini kila mwenye ndoo alijua ni mama gani mume wake ni dereva wa malori ya Mombasa. Na huwezi kumjibu, kwa sababu anaongea na sufuria. Ukijibu, umekubali kwamba sufuria ni wewe. Watu walicheka mpaka maji yakamwagika, na yule aliyesemwa akashika ndoo yake akaondoka na maji nusu.

Ukikosana na jirani, ulimpelekea Wacera sukari au majani ya chai, ukamweleza unachotaka kisemwe, na kesho yake sufuria ikasuguliwa. Wengine walihama mtaa kwa sababu ya hiyo sufuria. Jumapili anaombea wagonjwa, Jumatatu anawatengeneza wagonjwa wengine.

Sasa nije kwa Nduta, kwa maana yeye ndiye sababu ya mimi kuongea. Nduta alikuwa mke wa Wanyoike, fundi wa masanduku ya bati pale Gikomba. Alikuwa mwanamke mrefu, msafi, mwenye kigugumizi kibaya sana. Neno lilimkwama kooni mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na wewe unayesikiliza ukajikuta unasukuma pamoja naye. Dukani alionyesha kwa kidole. Wanyoike alimpenda hivyo hivyo, na mwaka wa sabini na nne alikwenda kwao Kandara kumwoa kwa mila.

Ukienda kuoa kwa Wakikuyu, wanawake wa upande wa bibi harusi wanafunga lango, na wanawake mliokwenda naye mnabaki nje mnaimba na kujibishana nao. Mkishindwa kwa maneno, mnakaa juani. Wanyoike mama yake alikuwa ameshafariki, kwa hiyo akamwomba Wacera awe kinywa chake langoni. Mimi sikwenda, nilikuwa nimejifungua Shiro wangu. Lakini Wanyoike mwenyewe aliturudishia habari akicheka mpaka machozi, jinsi Wacera alivyowajibu wale wanawake wa Kandara mpaka wakafungua wenyewe wakamkumbatia. Ndani kukachinjwa mbuzi wa ngurario, Wanyoike akamkatia Nduta nyama ya bega mbele ya wazee wa pande zote mbili, na ndoa ikawa ndoa. Bila huyo mbuzi, kwa Wakikuyu huna mke, una mgeni. Wacera alikula nyama hiyo. Njogu, kaka yake Wanyoike, aliila pia. Shikeni hapo.

Mwaka wa themanini na moja Wanyoike alishikwa na tumbo, akafa. Hawakuwa wamepata mtoto. Kadi ya kupangia nyumba ya baraza la jiji ilikuwa kwa jina lake, na nyumba za mtaani kwetu, chumba kimoja na jiko la kushirikiana, watu walikuwa wanazitafuta kama dawa. Matanga hayajapoa, Njogu akashuka kutoka Murang'a na koti lake refu. Alitaka chumba. Kama Nduta ni mke, chumba kinabaki kwake. Kama si mke, kinarudi kwa ndugu ya marehemu. Cheti cha serikali hakikuwepo. Wazazi wa Nduta walikuwa wamekufa, ndugu zake wametawanyika mashamba ya Bonde la Ufa, na hakuna aliyejua pa kuwapata; wanawake wengine waliokwenda langoni na Wacera nao walikuwa wameshahama mtaa. Ilibaki majirani waulizwe, mbele ya wazee wa mtaa na msimamizi wa nyumba: huyu alikuwa bibi ya mtu ama hakuwa?

Njogu hakuwa mjinga. Alikwenda moja kwa moja kwa Wacera, akabeba paja la mbuzi. Sukari haikutosha kwa kazi hiyo. Na hakukuwa na nyama tu. Bedan, kijana wa Wacera, alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, anafanya kibarua reli, ana mchumba, na bado analala nyuma ya pazia katika chumba cha mama yake. Njogu aliahidi kwamba akipata kadi atamkodishia Bedan chumba hicho. Najua kwa sababu Bedan alijigamba kwangu akinunua makaa. "Mama Shiro, mwezi ujao nakuwa na nyumba yangu," akaniambia, na mimi nikauliza nyumba gani, naye akaonyesha mlango wa Nduta kwa kidevu. Makaa yangu karibu nimtupie usoni.

Asubuhi iliyofuata sufuria ilitoka. "Wewe sufuria, ulikuja hapa kwa miguu yako, hakuna mtu alikuleta! Nani alikuchinjia mbuzi? Nani aliona damu? Mbuzi gani anachinjwa na halii?" Wanawake wakaangua kicheko. Kesho yake akaongeza: "Ati sufuria imekuwa bibi. Sufuria imeokotwa njiani Muthurwa wakati wa mvua, sasa inataka kurithi jiko!" Nduta alikuwa kwenye foleni. Nilimwona akifungua kinywa. Shingo ikasimama, midomo ikatetemeka, na neno halikutoka. Watu wakacheka zaidi. Akakinga maji yake taratibu mpaka ndoo ikajaa, akaondoka. Yeye hakuwa wa kuondoka na nusu.

Jambo lenyewe lilishika kama moto kwenye mabua. Baada ya muda mfupi hakukuwa na mtu aliyesema "Mama Bedan anasema". Walisema "inajulikana". Watoto waliligeuza lile neno la mbuzi asiyelia kuwa wimbo, wakamwimbia Nduta. Mwenye kioski alimwita "dada" badala ya "mama".

Mimi sikunyamaza. Nilimfuata Wacera mlangoni kwake mchana kweupe. "Wewe si ndiye ulifungua lango Kandara? Wanyoike alituambia hapa hapa, ukiwa umekaa hapo unakunywa chai!"

"Wanyoike amekufa," akanijibu akichambua maharagwe. "Na wewe hukuwa huko, Mirriam. Uza makaa."

"Mungu anakuona."

"Basi si ataniambia mwenyewe?"

Asubuhi yake sufuria ilianza kuzungumza habari za mama mmoja anayemwagia makaa maji ili yawe mazito. Uongo mtupu! Sijawahi. Lakini wateja wangu walianza kuinua makaa wakiyapima kwa mkono na kunusa, na wengine walihamia kwa muuzaji wa upande wa pili wa barabara. Nilimchukia Wacera nikiamka na nikilala.

Kikao kiliwekwa Jumatatu katika ukumbi wa mtaa. Jumapili alasiri, watu wakiwa milangoni, Nduta alitoka kwake akavuka uwanja kwenda kwa Wacera. Tulifikiri ni vita, na mimi nilisimama kabisa, nikiomba awe amebeba kitu kizito. Alikuwa mikono mitupu. Akasimama mbele ya Wacera, aliyekuwa amekaa kwenye kibao na ungo wa maharagwe mapajani, akaanza kusukuma neno.

"Sema ama umeze," Wacera akasema. Wanawake wawili wakacheka.

Nduta hakuondoka. Alisukuma tena. Ilichukua muda mrefu, na kile kicheko kikaisha chenyewe, kwa maana hakuna anayeweza kucheka muda wote huo.

"Ke... kesho," akasema. "Ni... nisemee."

Wacera aliinua macho. "Nani? Mimi? Mimi ndio nakumaliza hapa kila siku, na unakuja kuniambia nikusemee? Wewe ni mzima kweli?"

"Ha... hakuna mwingine." Akafunga macho, akavuta pumzi. "Mungu ha... hakuninyima mdomo. Wa... wangu alikupatia wewe, u... uniwekee."

Nilisikia vizuri, na nilikuwa ng'ambo ya uwanja. Wacera, ambaye alikuwa na jibu kabla hujamaliza kuuliza, alimtazama Nduta. Akatazama ungo, mkono wake ukaendelea kuchambua, lakini alikuwa anatupa mazima na kuacha mabovu. Kisha akasimama ghafla, maharagwe yakamwagika, akapiga kelele, "Toka mlangoni kwangu!" Akaingia ndani akafunga. Nduta aliinama akaokota maharagwe mengi aliyoweza, akayarudisha kwenye ungo, akaenda zake. Mimi nilitukana kwa lugha mbili.

Jumatatu asubuhi Wacera alikuja mferejini. Foleni ilikuwa ndefu kuliko kawaida, maana watu walitaka kuisikia sufuria mara ya mwisho kabla ya kikao. Alichutama, akasugua. Tukangoja. Akasuuza sufuria, akaenda nayo. Wanawake walikasirika kama walioibiwa.

Ukumbini mwenyekiti wa wazee alikuwa Mzee Opiyo, mtu wa haki, mstaafu wa posta. Msimamizi wa nyumba alikaa kando yake akisikiliza. Njogu alisema maneno yake, kwamba ndugu yake alikuwa amejichukulia mwanamke tu, wala hakuna mbuzi aliyechinjwa. Alisema hivyo na meno yake yalikuwa yamemla mbuzi huyo. Nduta akaulizwa, akasukuma, akasukuma, mpaka Opiyo kwa huruma akamwambia akae. Kisha akauliza kama kuna jirani anayejua.

Wacera akasimama. Njogu akatabasamu, Bedan akatabasamu, mtaa mzima ukajiweka sawa kwenye viti.

"Mbuzi aliliwa," akasema Wacera. "Nilikula mimi. Lango la Kandara nilifungua mimi na huu mdomo. Huyu Njogu alikuwa amekaa karibu na moto. Nduta ni bibi ya Wanyoike."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu hatukuelewa. Opiyo alivua miwani. "Mama Bedan, si pale mferejini ulisema kinyume?"

"Nilisema uongo."

"Kwa nini?"

"Nilitaka hiyo nyumba ya kijana yangu. Na nilikula paja la mbuzi."

Nilidhani mambo yameisha hapo. Kumbe wapi! Njogu aliruka juu. "Wazee, huyu mama tangu lini amefungua mdomo bure? Kila mtu hapa anajua bei yake! Jana huyo mwanamke alienda kwake, mliona. Amehongwa!" Na watu wakaitikia, "Kweli, alienda!" Nani angekataa? Tuliona wote. Nilisimama kusema nilichosikia, na sauti ikatoka nyuma, "Wewe kaa, makaa yako ni ya maji!" Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Hayo yalikuwa maneno ya Wacera, na Wacera aliyasikia.

Opiyo akawaita wanawake wa mferejini, mmoja baada ya mwingine. Je, Nduta aliolewa? Hakuolewa. Umejuaje? Inajulikana. Lisemwalo lipo, mzee. Mmoja akasema, mbuzi gani anachinjwa na halii? Mwingine, mwanamke mtaratibu tu asiye na ubaya na mtu, akasema Nduta aliokotwa njiani Muthurwa wakati wa mvua. Walisema kwa nia njema, waliamini. Wacera alisimama pale akirudishiwa kila neno lake kutoka midomo ya watu, na kila alipojaribu kukatiza, wakamwambia yeye ameshanunuliwa. Aliongea vizuri siku hiyo, sitamnyima hilo. Aliongea wazi, bila mafumbo, akataja mto waliovuka kufika huko, na rangi ya mbuzi, na mzee aliyeshika kisu. Mtu mwingine yeyote angeaminiwa. Wakati anaongea niliona watu wakipeana macho, wakimfurahia kama unavyofurahia mchezo mzuri, na hakuna aliyemwamini hata kidogo.

Simlaumu Opiyo wala msimamizi. Waliamua kwa walichosikia. Chumba kikaenda kwa Njogu, na Nduta akaambiwa atoe vitu vyake siku hiyo.

Nje ya ukumbi hakuna aliyekwenda nyumbani. Walimjua Wacera. Njogu naye alifanya kosa la kucheka. "Mama Bedan! Sasa kijana yako hana nyumba, na huyu bubu wako hana nyumba. Mdomo wote huo umekusaidia nini?"

Duara likafungwa. Mimi mwenyewe nilisogea, kwa nini nidanganye? Tulimwona Wacera akivuta pumzi, kidevu kikapanda, na kila mtu aliyewahi kuchota maji pale mtaani alijua kwamba linakuja tusi litakaloganda kwa Njogu mpaka kwa wajukuu. Watu walianza kucheka hata kabla. Wacera akatutazama. Alitutazama sote, jinsi tulivyokuwa tumekodoa macho, tumefungua vinywa tayari. Akafunga chake.

"Nduta," akasema, "twende tutoe kitanda."

"Mnakipeleka wapi?" Bedan akauliza. Uso wake ulikuwa umevimba kwa hasira.

"Kwetu."

"Kwetu wapi? Mama, umeniharibia nyumba, sasa hata pazia unaninyang'anya?"

"Wewe ni mwanamume. Utalala karibu na mlango."

Walimzomea. Mtaa mzima ulimzomea, wale aliowahi kuwachekesha na wale aliowahi kuwaliza, wote pamoja, na nadhani walichoudhika nacho zaidi ni lile tusi walilonyimwa. Nduta alitangulia na Wacera akawa nyuma, kitanda cha chuma katikati, mvua ya jana imeacha matope hadi kwenye vifundo. Wacera kwa ufupi wake alikuwa hawezi kukiinua sawasawa. Kikamgonga ugoko, akatulia, akainua tena, kikamgonga pale pale. Watoto walifuata wakiimba wimbo wa mbuzi, wimbo wake mwenyewe.

Nisieleweke vibaya. Sikumsamehe, na mpaka naingia kaburini sitamsamehe, kwa sababu Nduta alikuwa na nyumba na Wacera ndiye aliyeichukua kutoka kwake, neno kwa neno, akiwa na mdomo ambao ungeweza kuilinda dhidi ya jiji zima. Lakini kitanda kilikuwa kizito. Niliweka karai langu la makaa chini, nikaingia kwenye matope, nikashika mguu wa kitanda upande wa Wacera.

"Sikusaidii wewe," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Inua kidogo, kinamgonga Nduta."